Ufa wa Ukubwa wa Dengu

Anzori alitoka mgodini akijishika tumbo
kama mtu aliyeiba mkate akauficha ndani ya koti.
Alfajiri, Chiatura, mwezi wa Februari,
magari ya kamba yamesimama angani, barafu imeyakamata.
Akaenda nyumbani kwa miguu. Akanywa chai.
Akalala chali, magoti juu, akingoja lipite
jambo ambalo halikuwa na nia ya kupita.

Walimleta kwangu jioni, saa kumi na nne zimeshapotea.
Nilimgusa: ubao.
Si tumbo, ubao wa kukatia nyama.
Kwenye picha, chini ya kiwambo upande wa kulia,
hilali nyembamba nyeusi imeandama
mahali ambapo hewa haina ruhusa ya kuwa.

Nikamwuliza anameza nini.
"Vya magoti," akasema. "Viwili asubuhi, viwili usiku,
na pombe ya zabibu kidogo, viteremke."
Miaka sita.
Mgodi ulikula magoti, vidonge vikala tumbo,
mimi nikaitwa kuhesabu makombo.

Tulimfungua. Chai ile ile ilikuwa imetapakaa,
na vipande vya mkate wa mahindi, na nyongo,
na harufu isiyojali barakoa.
Tundu lenyewe, pale tumbo linapokabidhi kazi kwa utumbo,
punje ya dengu. Hiyo tu.
Maji ya chumvi, vuguvugu, lita tisa,
nikamwaga, nikafyonza, nikamwaga, mpaka yakatoka maangavu.
Nyuzi tatu. Kisha nikavuta pazia la shahamu
linaloning'inia mbele ya matumbo,
nikalilaza juu ya tundu, nikafunga mafundo
taratibu, kwani ukikaza sana kiraka hufa
na ukilegeza sana hakuna kiraka.
Kitabu hakisemi "sana" ni kiasi gani.
Vidole ndivyo husema, na vidole navyo huzeeka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi nilikuwa nimeziba.

Siku ya tano, homa. Kwikwi usiku kucha.
Ndani ya mpira wa kutolea maji, kijani,
kijani cha soda ya tarkhuna wanayonunuliwa watoto sikukuu.
Nanuli, mkewe, amesimama ukumbini na sufuria ya supu
ambayo hakuna aliyemruhusu kuimimina,
akaniuliza mbele ya wauguzi wote:
"Ulishona, au hukushona?"

Nilishona, Nanuli.
Nyama ndiyo iliyokataa uzi. Nilipoirudia ilichanika
kama gazeti lililonyeshewa,
na dengu ilikuwa imekuwa haragwe.

Mara hii sikujaribu kushinda.
Nilipitisha mpira ndani ya tundu lenyewe,
nikautokeza ubavuni, nikauacha uvuje,
uvuje kwa njia niliyoichagua mimi.
Vakho, msaidizi wangu, akanitazama
kama mwanafunzi wa bomba aliyemwona fundi wake akitoboa paa.
Sikumweleza. Baadaye, tukinawa, nilimwambia:
kuna uharibifu unaotaka mlango tu.
Ukiunyima, utavunja nyumba.

Kisha usaha chini ya ini. Niliutoa kwa sindano ndefu.
Uji mwembamba kwa mrija, tone, tone.
Siku arobaini na moja.
Kila asubuhi niliusoma ule mfuko kabla ya kusema habari:
mililita mia sita. Mia tatu hamsini.
Mia nne (siku hiyo sikula).
Themanini. Kumi.
Pakavu.

Agosti nilimkuta sokoni akiuza jozi kwa kopo.
Ngozi ya kovu imeshika, misuli chini yake imeachana,
na akikohoa ngiri hutokeza shatini
kadiri ya mkate mdogo,
kana kwamba ule alioiba hajaurudisha bado.
Nikaanza kumwambia hilo tutalirekebisha kabla ya theluji,
naye akainama, akalisugua goti,
akaniuliza kwa sauti ya chini, Nanuli asisikie,
kama sina kidonge chochote mkobani.